Bustani ya Mboga Nyuma ya Jiko: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara, Hasa ya Kuvuna

Bustani yangu iko Kigamboni, Dar es Salaam, nyuma ya jiko, mita sita kwa nane. Udongo wake ni mchanga mtupu, na maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Si bustani ya kupigia picha. Lakini mboga ya jioni siifuati gengeni, ukiacha vitunguu, karoti na, miezi ya joto, nyanya. Wanaoingia uani huuliza yaleyale, nami nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu. Utaona narudi mara nyingi kwenye kuvuna. Wengi ninaowafahamu walioacha bustani zao hawakushindwa kupanda. Walipanda vizuri tu, mboga zikaota, halafu zikakomalia shambani wakizitazama.

Kazi ya kila siku inachukua muda gani?

Dakika ishirini asubuhi na kumi jioni. Jumamosi ongeza saa moja na nusu ya palizi, samadi na kusia mbegu mpya.

Asubuhi natoka na kikombe cha chai, mkono mmoja mtupu, nazunguka kwanza bila kushika jembe. Nageuza majani mawili matatu kila tuta, maana wadudu wengi wanakaa upande wa chini. Kisha navuna. Baada ya kuvuna ndipo namwagilia. Mpangilio huo una maana: alfajiri majani yamejaa maji ya usiku, ukiyakata yanakaa bila kusinyaa hadi mchana. Ukivuna saa nane, mchicha unafika jikoni umelala kama kitambaa. Jioni ni kumwagilia tena siku za jua kali, kuangalia miche michanga na kuokota konokono, basi.

Nianze na mboga zipi?

Kwa Pwani: mchicha, matembele, kunde, bamia na nyanya chungu. Hizo zinapenda joto na zinasamehe makosa. Kabichi na karoti waachie watu wa Lushoto na Mbeya mpaka uzoee. Nyanya panda, lakini usianze nayo, utakata tamaa mapema.

Mahali pawe na jua la saa sita kwa siku angalau. Chini ya mwembe hapafai hata ukimwaga samadi lori zima.

Udongo wangu ni mchanga, maji yanapita tu. Nifanyeje?

Samadi iliyooza, tena na tena. Mimi naweka ndoo moja ya lita ishirini kwa kila mita ya mraba kabla ya kupanda, naichanganya na udongo wa juu kina cha kiganja na nusu. Mchanga unaila haraka, kwa hiyo kila msimu narudia. Juu natandaza majani makavu au nyasi zisizo na mbegu. Matandazo hayo yanapunguza kumwagilia kuliko kitu kingine chochote ninachokijua.

Kiangazi, kwenye mchanga, usiinue matuta kama unavyoona picha za watu wenye udongo wa mfinyanzi. Zamisha kidogo tuta liwe kama sahani, maji yakae. Masika yakikaribia, Machi hivi, ndipo uinue, la sivyo mizizi itaogelea.

Samadi ya kuku ni kali. Mwaka wangu wa kwanza niliitoa bandani moja kwa moja, bado inanuka, nikaifukia chini ya miche arobaini ya nyanya chungu. Siku ya nne kingo za majani zilikuwa za kahawia kama zimepitishwa kwenye mkaa, na wiki haikuisha nikawa nimebaki na miche sita. Iache ioze miezi miwili, ikiwa na unyevu na kufunikwa, uigeuze mara kwa mara. Ikiwa tayari inanukia udongo, na ukiingiza mkono katikati ya lundo huhisi joto. Hata hapo, tumia nusu ya kiasi cha samadi ya ng'ombe. Samadi mbichi, ya mnyama yeyote, isikaribie mboga zinazoliwa bila kupikwa.

Nimwagilie lini, na maji kiasi gani?

Asubuhi. Siku za jua kali ndoo moja ya lita ishirini inatosha mita nne za mraba. Kwenye mchanga igawe, nusu asubuhi na nusu jioni. Lakini usinifuate mimi, fuata kidole chako: kichomeke kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Kikitoka na udongo ulioshikamana, acha. Kikitoka kikavu na safi, leta ndoo.

Kosa la wengi ni kumwaga kidogo kila saa. Uso unalowa, mizizi inabaki juu kufuata maji hayo, na siku moja ukichelewa mmea wote unalala.

Maji ya kisima yana chumvi. Yanafaa?

Inategemea unapanda nini. Maharage, karoti na vitunguu haviyawezi, majani yanaungua ncha na mmea unadumaa. Mchicha na spinachi vinavumilia zaidi. Mwagilia shinani, usinyunyizie majani, kwa sababu maji yakikauka chumvi inabaki juu ya jani. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, usiendelee na vikombe vidogo vidogo. Mimina maji mengi kwa mara moja ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Maji ya mvua ya kwenye bati mimi nayawekea pipa na kuyatunzia miche tu.

Mchicha: ning'oe au nikate?

Vyote viwili, ila uamue siku ya kusia.

Ukitaka wa kung'oa, mwaga mbegu kwa msongamano. Mbegu za mchicha ni ndogo kama vumbi, zichanganye na mchanga mkavu mara kumi yake, umwage kama unatia chumvi kwenye mboga, kisha pitisha kiganja juu. Usizifukie zaidi ya nusu sentimita. Wiki ya tatu hadi ya nne unang'oa na mizizi, kama unavyouzwa gengeni. Tuta linabaki tupu, unasia tena. Kwa mfumo huu gawa tuta mara tatu na usie kipande kimoja kila baada ya siku kumi, vinginevyo utakuwa na mchicha wa kulisha harusi wiki moja na wiki tatu za kununua.

Ukitaka wa kukata, acha nafasi ya shubiri moja kati ya mmea na mmea. Ukifika magotini, kata shina kwa kisu kikali, uache sentimita kumi na tano na majani mawili matatu chini. Kwenye kila kikonyo cha jani lililobaki kuna jicho, na ndani ya wiki mbili macho hayo yatakuwa matawi. Unakata tena. Mmea mmoja unakupa mikato minne, mitano. Kila mkato ukipita, mwagia samadi iliyolowekwa na kuzimuliwa kwa maji hadi iwe na rangi ya chai ya rangi.

Ukiona kichwa kinachongoka na kutoa maua, mmea umeshaamua kuzaa mbegu. Kata siku hiyohiyo. Kukosa maji na kucheleweshwa kuvunwa ndivyo vinavyouharakisha.

Bamia zangu ni ngumu kama mti. Mbegu mbaya?

Mbegu haina kosa. Umechelewa.

Ua la bamia linafunguka asubuhi, rangi ya maziwa na moyo wa zambarau, na jioni limeshanyauka. Kuanzia hapo hesabu siku nne hadi sita tu, bamia iko tayari, urefu wa kidole cha shahada. Kwenye joto letu siku mbili zaidi zinatosha kuifanya kamba. Jipimie hivi: shika ncha uikunje. Ikikatika kwa mlio, ni laini. Ikipinda bila kukatika, ipitishe, hata ukiichemsha saa nzima utatafuna nyuzi.

Niliwahi kwenda msibani Muheza siku sita, na nyumbani niliwaachia maagizo ya kumwagilia tu. Niliporudi mimea ilikuwa imenawiri, kila mmoja umebeba bamia nne tano za urefu wa shubiri, ngumu za kupigia ngoma. Kibaya zaidi, juu hakukuwa na ua hata moja. Mmea wenye mbegu zinazokomaa unaona kazi yake imekwisha. Nilizikata zote nikazitupa kwenye mboji, na baada ya siku kumi maua yalirudi. Tangu hapo anayebaki nyumbani namwachia agizo moja la ziada: kata bamia kila baada ya siku moja, hata kama hamtazila.

Vaa mikono mirefu, vinyweleo vyake vinawasha. Tumia kisu, usivute kwa mkono, utachuna ganda la shina. Na mbegu kabla ya kupanda ziloweke usiku mmoja, ganda lake ni gumu.

Matembele na majani ya maboga yanavunwaje?

Matembele unapanda vipande vya marando vya shubiri moja na nusu, nusu ya macho yakiwa chini ya udongo. Wiki ya tano unaanza kukata ncha, jani la tatu au la nne kutoka juu. Zikikatwa, zinatawanya matawi. Usipokata, rando linatambaa hadi kwa jirani na majani yanakuwa ya ngozi. Kama unataka na viazi chini, punguza kukata, kwa kuwa majani ndiyo yanayovilisha.

Majani ya maboga chuma yale machanga ya kwenye ncha, ukubwa wa kiganja. Menya nyuzi kuanzia kwenye kikonyo. Maua ya kiume, yale yasiyo na kiboga kidogo chini yake, yanapikwa pia, ila bakiza ya kutosha kwa ajili ya nyuki.

Nyanya chungu ichumwe ikiwa rangi gani?

Ikiwa bado nyeupe au ya kijani kibichi inayong'aa, kutegemea mbegu. Ikianza unjano ladha inachachuka na mbegu zinakomaa. Ikiwa nyekundu ni ya mbegu tu. Kata na kikonyo chake, itakaa siku nyingi zaidi. Ni mmea wa shukrani kweli: ukiuchuma kila wiki na kuulisha samadi, unazaa miezi mingi bila kupumzika.

Nyanya zangu zinatoa maua yanadondoka, na zinazobaki zinaoza kitako. Ni ugonjwa?

Ni mambo mawili tofauti, na hakuna hata moja ambalo ni ugonjwa wa kuambukiza.

Maua yanadondoka kwa joto la usiku. Nyanya hushika tunda vizuri usiku ukiwa na nyuzi kati ya 15 na 20 hivi. Januari na Februari Dar es Salaam usiku tunazunguka 25, chavua inashindwa kazi yake. Hakuna dawa ya hilo. Sia mbegu Aprili mwishoni, pandikiza Mei mvua zikipungua, uchume wakati wa kipupwe, Julai hadi Septemba. Ndiyo maana nimesema miezi ya joto nanunua.

Kitako cheusi kinatokana na kalsiamu kutofika kwenye ncha ya tunda, na mara nyingi kalsiamu ipo ardhini ila maji yanakuja kwa vipindi: leo mafuriko, siku tatu ukame. Sawazisha umwagiliaji, weka matandazo, matunda yanayofuata yatakuwa mazima.

Kazi za nyanya: miche ikae kitaluni wiki tatu hadi nne, ipandikizwe jioni, nafasi ya sentimita hamsini au sitini. Simika vijiti vya kuegemezea siku hiyohiyo kabla mizizi haijatanda. Zile aina ndefu, vunja machipukizi yanayotoka kwapani yakiwa bado madogo kama kiberiti. Aina fupi kama Tanya, iliyotoka kituo cha utafiti cha Tengeru, Arusha, hazihitaji ukali huo.

Chuma tunda likianza tu kubadili rangi, likiwa na wekundu mdogo kwenye kitako. Litamalizia kuiva kwenye ungo jikoni, na ndege na inzi hawatalikuta. Usiliingize kwenye friji likiwa halijaiva, baridi inalisimamisha na kulipokonya ladha.

Mche mzima umenyauka ghafla wakati udongo una maji. Nini?

Kata shina karibu na ardhi, kipande cha kidole, ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama moshi wa maziwa unashuka kutoka kwenye jeraha, ni mnyauko bakteria. Ng'oa mmea na udongo wa mizizi, utoe bustanini, usiutie kwenye mboji. Na hapo usipande nyanya, nyanya chungu, bilinganya, hoho wala viazi mviringo kwa miaka mitatu angalau. Hao wote ni ukoo mmoja. Weka mchicha au kunde. Usipouona uzi, fukua mizizi: ikiwa na vinundu vinundu ni minyoo fundo, na hapo kuhamisha ukoo peke yake hakutoshi, maana minyoo hao hushambulia mboga za koo nyingi, hata bamia na kunde.

Wadudu nawafanyaje?

Kwanza ujue ni nani.

Mche umekatwa shinani na kulazwa chini: ni sota. Fukua kwa kidole pembeni ya shina asubuhi mapema, utamkuta funza mnene wa rangi ya udongo amejikunja kama pete. Mponde. Miche inayofuata ivalishe kola ya karatasi ngumu.

Ncha za kunde zimejaa vidudu vyeusi na sisimizi wanapanda na kushuka: ni vidukari, na sisimizi wanawafuga kwa ajili ya utomvu mtamu. Kata ncha zilizoshambuliwa vibaya, zilizobaki zipige kwa maji yenye sabuni kidogo. Ukiona wadudu wadogo wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, usiwaguse, hao wanawala vidukari.

Majani ya nyanya yana mabaka meupe ya kupitisha mwanga, kama mtu amechora ndani ya jani: ni kanitangaze, kiwavi wa nondo yule aliyetoka Amerika Kusini. Chuma majani hayo kila asubuhi, yafunge kwenye mfuko wa nailoni uuache juani. Ukisubiri kesho, ameshaingia kwenye tunda.

Konokono wakubwa wa masika, toka na tochi baada ya mvua. Ndoo moja, usiku mmoja, utashangaa.

Mwarobaini natwanga majani konzi nne, naloweka usiku kucha kwenye lita tano, nachuja kwa kitambaa, natia sabuni kidogo na kunyunyiza jioni. Jioni, kwa sababu jua linaua nguvu yake. Hauui papo hapo. Unamfanya mdudu aache kula na kukua. Majivu makavu juu ya majani nayo husaidia kidogo, mpaka mvua ya kwanza.

Na dawa za dukani?

Kwa mboga za majani ninazokata kila siku mbili, situmii. Si kwa sababu ya dini ya kilimo hai, ni hesabu. Kila kiuatilifu kina siku za kusubiri kati ya kunyunyiza na kuvuna, zimeandikwa kwenye kibandiko. Ikiwa ni siku saba na wewe unavuna kila baada ya mbili, utafanyaje? Ukilazimika, nunua chupa iliyofungwa na yenye usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, usome kibandiko mwenyewe. Zile za kupimiwa kwenye kichupa cha maji ya kunywa ziache hukohuko.

Kisamvu kinaweza kuliwa kibichi kwenye saladi?

Hapana. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Yatwange vizuri, uyachemshe bila kifuniko. Bibi zetu hawakutwanga kwa kupoteza muda.

Mboga zimezidi, nifanye nini?

Kunde na mlenda vinakaushika vizuri, kama wanavyofanya Dodoma na Singida. Majani ya kunde yapitishe kwenye mvuke dakika chache, yatandaze kwenye ungo kivulini penye upepo. Juani yanakauka haraka, ila rangi inakwenda na vitamini A inapotea nayo. Yakivunjika kwa vidole, yaweke kwenye chombo kisichopitisha hewa.

Mchicha uliong'olewa na mizizi usimamishe kwenye bakuli la maji kama maua, au ufunge kwenye khanga mbichi. Unafika kesho.

Naweza kutunza mbegu zangu?

Za bamia, mchicha, kunde na nyanya za kawaida, ndiyo. Za chotara zilizoandikwa F1 watoto hawatafanana na mama. Chagua mmea bora tangu mwanzo, uufunge kitambaa chekundu ili asiyejua asiuvune, uache ukomae. Mbegu za nyanya zichachue kwenye maji yake siku mbili tatu hadi ute utoke, suuza, anika kivulini.

Kuku?

Uzio. Hakuna jibu lingine.

Sina uwanja, nina baraza tu.

Chukua kiroba cha kilo hamsini, simamisha bomba katikati ulijaze kokoto, pembeni udongo na samadi, vuta bomba juu kadiri unavyojaza hadi mwisho uwe na nguzo ya kokoto. Toboa matundu ubavuni uchomeke miche ya sukuma wiki au chainizi. Maji unamimina kwenye kokoto. Sukuma wiki vuna majani ya chini, ukiacha matano ya juu kila mara.

Jirani anaomba mboga kila siku. Nimkatalie vipi?

Wa kwangu nilimpa kisu. Nikamwonyesha pa kukata mchicha, jani la ngapi kwenye matembele, na ile bamia inavyolia ikivunjwa ncha. Siku nikiwa safarini yeye ndiye anayezuia bustani isikomae, na wiki iliyopita nimemkuta anamgombeza mwanangu: "Wewe, hiyo umeing'oa! Mama yako hakukufundisha kukata?"